Barabara Iliyozaliwa na Ugomvi wa Jirani

Wiki moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1965, Zambia ilikatiwa mafuta. Nchi ilikuwa haijatimiza hata miezi kumi na minne ya uhuru. Mwezi mmoja nyuma, Novemba 11, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao wenyewe, wa Wazungu wachache juu ya Waafrika wengi. Uingereza ikajibu kwa kuzuia mafuta yasiingie Rhodesia. Smith naye akamgeukia jirani wa kaskazini, kwa sababu petroli ya Zambia ilitoka katika mtambo wa Umtali, ndani ya Rhodesia. Lusaka ikaamka na vituo vikavu, na petroli ikaanza kugawiwa kwa vibali.

Mafuta yalikuwa mwanzo tu. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, Rhodesia. Mashine za umeme za Kariba zilikuwa ukingo wa kusini wa Zambezi, yaani kwa Smith. Shaba yenyewe, karibu tani 700,000 kwa mwaka na zaidi ya tisa ya kumi ya mauzo yote ya nchi, iliteremka kwa reli ya Rhodesia hadi bandari ya Beira, nayo Beira ilikuwa mikononi mwa Wareno. Wakoloni walikuwa wameijenga nchi hii ielekee kusini tu. Mtu akitaka kujua uhuru wa bendera maana yake nini, asome takwimu za biashara za Zambia za mwaka ule.

Uingereza, Kanada na Marekani zikaleta ndege za kubeba mapipa. Ulikuwa msaada wa kweli, ila ndege huchoma mafuta mengi ili ipeleke machache, na hakuna taifa linaloweza kuishi hivyo. Upande wa kaskazini-mashariki kulikuwa na rafiki mmoja mwenye bahari. Mwalimu Nyerere alikuwa amevunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba hiyohiyo kwa sababu ya Rhodesia, na kwa uamuzi huo Tanzania ikaukosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Bandari ya Dar es Salaam ilikuwa wazi kwa Rais Kaunda wa Zambia. Tatizo lilikuwa kilichokuwepo kati ya bandari na shaba: karibu kilomita 2,000 za barabara ambayo, kwa sehemu kubwa, haikustahili jina hilo. Na mvua za nyanda za juu, ambazo hunyesha toka Novemba hadi Aprili, ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza.

Kwa nini hapakuwa na barabara? Njia kubwa za misafara ya karne ya 19 zilitoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, au Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa. Pembe ya kusini-magharibi, toka Uhehe kwenda Usangu na Unyiha, ilikuwa na njia zake za miguu, lakini haikuwa mkondo mkuu wa pwani. Wajerumani walipokuja, akili yao ilikuwa kwenye reli ya kati.

Hata hivyo, gari la kwanza kuvuka bara hili kutoka bahari hadi bahari lilianzia Dar es Salaam. Agosti 10, 1907, mwanajeshi wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka mjini na gari la Gaggenau. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka kuzimwa, vijiji vya kusini vikiwa bado na njaa. Alitanguliza akiba za petroli njiani, zikabebwa na wapagazi. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, Mei 1, 1909. Miezi ishirini na kitu kwa gari! Wapagazi wake wangeweza kuifanya safari hiyo kwa miguu kwa muda mfupi zaidi, na wala wasingehitaji vipuri. Lakini magazeti ya Ulaya yalimwandika Graetz, wao hayakuwaandika.

Waingereza walikuja na ndoto yao ya kuunganisha Cape na Cairo. Barabara Kuu ya Kaskazini, kama walivyoiita, iliingia Tanganyika pale Tunduma, ikapita Mbeya na Iringa, kisha ikageukia kaskazini kwenda Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha hadi Nairobi. Mnara wa saa wa Arusha mpaka leo unajisifu kuwa katikati ya safari hiyo. Mbeya yenyewe ilichipuka miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Tazama ramani hiyo vizuri. Mhimili wake ni kusini kwenda kaskazini, toka kwa mlowezi wa Rhodesia hadi kwa mlowezi wa Kenya. Dar es Salaam, mji mkuu wa wakati ule, ilikuwa tawi la pembeni, na njia ya kutoka Morogoro kupanda Iringa ilipigwa vizuri kiasi katika miaka ya 1950 tu. Hali ilikuwa hiyo malori ya kwanza ya mafuta ya Zambia yalipoondoka bandarini mwanzoni mwa 1966.

Waandishi wa Kiingereza waliibandika njia hii jina la Hell Run, mbio za jehanamu, na kwa mara hii sioni kwamba walitia chumvi.

Pipa la mafuta la galoni 44 likijaa petroli linapita kilo 150. Hubingirishwa juu ya mbao mbili hadi kwenye bodi ya lori, husimamishwa, hubanwa na mwenzake kwa kamba na vipande vya gogo. Lori la tani saba likishika mapipa arobaini limejaa. Wakati wa kushusha, unaweka tairi kuukuu chini na pipa linaangushwa juu yake, lidunde lisipasuke. Njiani mapipa yanasuguana, mshono unaachia, petroli inaanza kulia tone tone juu ya ekzosi iliyopata moto. Malori yaliungua. Wakati wa kurudi mzigo ulikuwa shaba, na shaba ina hila yake: ni nzito mno hivi kwamba tabaka moja tu sakafuni mwa bodi linatosha kumaliza uwezo wa lori. Mtu asiyejua angeona gari tupu linapanda mlima kwa kuugua, akamcheka dereva.

Matope yalikuwa na sheria zake. Lori la mbele likizama, msafara wote unalala. Hakuna kupita pembeni, kwa sababu pembeni ndiko kwenye tope zaidi. Utingo anashuka na jembe, anakata matawi, anatandika chini ya magurudumu, dereva anajaribu gia ya kwanza, gurudumu linachimba kaburi lake, kazi inaanza upya. Wanakijiji walikuja na ndizi na mihogo ya kuuza, na baada ya siku mbili tatu pale pale pameshakuwa na mama mwenye sufuria. Miji kadhaa ya barabara hii ilianza hivyo. Haikuanzishwa na mkuu wa wilaya. Ilianzishwa na malori yaliyokwama.

Kiangazi kilileta vumbi. Vumbi la nyanda hizi ni jekundu na laini, linaning'inia hewani dakika nzima baada ya gari kupita, na dereva anayefuata haoni kitu. Wengi waligongana uso kwa uso wakiwa wamewasha taa mchana kweupe.

Serikali mbili hazikungoja. Mwaka 1966 ziliunda kampuni ya malori ya pamoja, Zambia Tanzania Road Services, kwa ubia na Waitaliano, na malori makubwa ya Fiat yenye matrela yakaanza kuonekana. Waitaliano wengine, wa upande wa mafuta, walilaza bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 toka Dar es Salaam hadi Ndola, likakamilika 1968. Bomba lile liliyaondoa mapipa barabarani. Lakini shaba haipiti kwenye bomba, wala mashine, wala mbolea.

Hapa ndipo siasa za dunia zilipoingia porini. Nyerere na Kaunda walitaka reli. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1964 ilikuwa imeshasema reli haitalipa, barabara inatosha. Nchi za Magharibi ziliushika msemo huo kwa mikono miwili. China ikasema itajenga reli, bila riba, na makubaliano ya kwanza yalitiwa saini Beijing Septemba 1967. Marekani, iliyokuwa imekataa reli, sasa ilikuwa na sababu nzuri ya kuharakisha barabara. Fedha za Marekani, za Benki ya Dunia na za Sweden zikaenda kwenye njia kuu ya lami hadi Tunduma. Kwa miaka kadhaa mataifa yaliyokuwa hayasalimiani popote duniani yalichimba nchi moja kwa wakati mmoja. Wamarekani walikuwa na matingatinga yao juu ya barabara. Wachina kwa maelfu walikuwa na Watanzania wengi zaidi yao kwenye reli, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 1970. Kuanzia Makambako kwenda Mbeya na mpakani, njia hizo mbili zinakwenda pamoja, zikikatana hapa na pale.

Watu hupenda kuuliza nani alishinda. Mimi naona Tanzania ilishinda, maana ilipata vyote viwili kutoka kwa watu waliokuwa wakishindana. Ni nadra nchi maskini kucheza karata hiyo vizuri namna ile, na Mwalimu, ambaye kwenye uchumi alikosea mengi, hapa hakukosea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ilifika Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini. Safari ya wiki ikawa safari ya siku. Na hapo ndipo ilipogundulika kwamba barabara hii, iliyopimwa na watu waliofikiria tani na ekseli tu, inapita katikati ya nchi nzuri kupita kiasi. Sidhani kama kuna mhandisi aliyekaa mezani akaichora kwa ajili ya macho ya msafiri. Uzuri wote tunaouona ni vikwazo vyao.

Chukua Mikumi. Mbuga ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, mwaka mmoja tu kabla ya matatizo ya Rhodesia, na barabara inaipasua kwa karibu kilomita 50. Hakuna kiingilio kwa abiria wa basi. Tembo, twiga, pundamilia na nyati wanaonekana dirishani kwa nauli ileile ya Iringa. Wanyama wamelipa gharama yake: wengi wamegongwa, na matuta yaliyojazwa pale, pamoja na mabango ya faini kwa kila aina ya mnyama, yamewekwa kwa sababu ya damu. Dereva wa semi mwenye haraka huyachukia matuta hayo kwa moyo wake wote.

Ukitoka mji wa Mikumi nchi inajikunja. Barabara inaingia kwenye bonde jembamba la Iyovi, milima ya Udzungwa ikiwa kushoto, kisha inafunguka ghafla kwenye joto na mibuyu. Hilo ni bonde la Ruaha Mkuu. Mibuyu inapanda vilima kwa maelfu, mingine minene kuliko chumba cha kulala, na mto unakwenda na barabara kwa kitambo. Kijiji cha Ruaha Mbuyuni kinaishi kwa vitunguu. Magunia yamepangwa kando ya lami, vijana wanakimbilia madirisha na mafungu mikononi, na basi likisimama dakika tano harufu inabaki ndani hadi Mbeya.

Halafu Kitonga. Kila aliyesafiri njia hii ana hadithi ya Kitonga, na nyingi ni za kweli. Ni ukuta wa bonde, na barabara inaupanda kwa kujiviringisha ubavuni, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili. Lori lenye mzigo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Zamani utingo alitembea kweli, nyuma ya gurudumu, kigingi mkononi, ili gari likizimika alisukume chini ya tairi kabla halijaanza kurudi. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Dereva anayejua kazi hushusha gia juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, aache injini imshikilie, breki aziguse kidogo tu. Asiyejua hukanyaga breki njia nzima, zinapata moto, zinatoa moshi, na kona ya tatu hana kitu mguuni. Ukiona matawi mabichi yametupwa barabarani mita chache chache, ujue mbele kuna gari limekufa. Kwa madereva wa njia hii tawi bichi ni alama inayoheshimiwa kuliko pembetatu ya kiwandani. Lori likianguka Kitonga barabara inafunga, na foleni inashuka hadi bondeni, kwa sababu njia nyingine ya karibu hakuna. Uchumi wa nchi tatu unasubiri winchi.

Juu ya ukuta hali ya hewa ni nyingine kabisa. Ilula inauza nyanya kwa matenga. Mbele kidogo, kabla ya Iringa, kuna mnara kando ya barabara ambao mabasi hayausimamii. Ni Lugalo. Hapo, Agosti 17, 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walijificha kati ya mawe, wakalirukia jeshi la Kijerumani lililokuwa likipita kwa msafara mrefu, na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, aliyekuwa maarufu kwa jina la Nyundo. Wajerumani walihitaji miaka saba kumpata Mkwawa, na hata hapo hawakumpata akiwa hai, maana alijiua Julai 1898. Fuvu lake lilitajwa katika Mkataba wa Versailles, likarudishwa mwaka 1954, na sasa liko Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa. Sina hakika kama tunaitendea haki historia hiyo kwa kuipita kilomita themanini kwa saa.

Iringa yenyewe iko juu ya kilima, na barabara kuu inapita miguuni pake, Ipogolo, ambako malori hulala. Kilomita ishirini hivi mbele kuna Isimila, korongo la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, ambamo watu wa zama za mawe waliacha zana zao. Kisha Mafinga na misitu ya misonobari ya Sao Hill, iliyopandwa kwa mistari hadi upeo wa macho, na ubaridi unaomfanya mtu wa pwani atafute koti. Nitaipita haraka sehemu hii, maana miti iliyopandwa kwa mstari, pamoja na faida zake zote, hainisemeshi.

Makambako ni mtoto halali wa barabara. Hapo inakatana na reli ya Wachina, na hapo njia ya Njombe na Songea inachepuka. Mji umejaa gereji, maduka ya vipuri, nyumba za wageni. Nyumba hizo ziliwahi kuwa na sura nyingine. Katika miaka ya 1980 na 1990 ukimwi ulisafiri na malori, kituo kwa kituo, na familia nyingi za Iringa, Njombe na Mbeya zililea mayatima wake. Barabara haikuleta mbolea peke yake.

Baada ya Makambako lami inateremka kwenye tambarare ya Usangu, nchi ya mpunga. Kushoto safu ya Kipengere inasimama mfululizo, na pale Chimala utaona njia ya mlimani kwenda Matamba, maarufu kwa kona zake hamsini na saba, inayopanda kuelekea Kitulo, hifadhi ya maua. Mbeya, Mbalizi, Mlowo, Vwawa. Kimondo cha Mbozi kiko porini upande wa kushoto, bonge la chuma lililoanguka kutoka angani. Mwisho, foleni. Foleni ya malori ndiyo salamu ya Tunduma.

Reli ya TAZARA, ile ya Wachina, ilikabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860, na wengi waliamini malori yamekwisha kazi. Mambo hayakwenda hivyo. Mabehewa na injini vilichoka, mizigo ikarundikana bandarini, na Oktoba 1978 Kaunda, kwa shida, aliifungua tena njia ya reli ya kusini, iliyokuwa imefungwa. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la Chambeshi kaskazini mwa Zambia, miezi michache kabla ya nchi yao kuwa Zimbabwe. Reli ilipokwama, barabara ilibeba. Imeendelea kubeba. Kwa maandishi yake ya mwaka 1964, Benki ya Dunia ingesema ilishatabiri, lakini haikutabiri kwamba barabara ingelemewa hivi.

Leo shaba inayoteremka kwenda Dar es Salaam inatoka Zambia na pia Congo, toka Kolwezi na Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, na kobalti pamoja nayo. Dereva wa Kitanzania anaondoka bandarini na Kiswahili chake, anakitumia Tunduma, kinapungua nguvu katikati ya Zambia, na akivuka kuingia Katanga anakikuta tena kikimsubiri, kwa lafudhi nyingine. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019 ili kupunguza kusubiri. Foleni ingali ipo.

Na abiria? Kwa miaka karibu thelathini mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, kwa hiyo kila aendaye Mbeya aliondoka alfajiri na kuiona nchi yote, apende asipende. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2023. Sasa wengi wanapanda jioni, wanapita Mikumi gizani, Kitonga wakiwa wamelala, wanaamkia Uyole, Mbeya. Wanaokoa siku moja ya kazi na siwalaumu.

Wewe ukiwa na nafasi, kata tiketi ya basi la alfajiri. Omba kiti cha dirishani upande wa kushoto, kusiko kwa dereva, maana Udzungwa na Kipengere ziko upande huo. Na ukifika Ilula, mwombe jirani yako anyamaze kidogo, ili usiupite mnara wa Lugalo bila kuuona.